Ukitaka programu sahili anza na daftari: mambo niliyojifunza kwenye mizani ya samaki Lamu

Vijana wengi hapa Amu, yaani Lamu, siku hizi wanaandika programu na mimi nafurahi sana nikiona, ila kuna mahali tunakosea na mimi nimekosea hapohapo karibu mwaka mzima, kwa iyo naandika hii mtu mwengine asije akapoteza mda wake na wa wenzake. Kosa lenyewe ni kudhani programu sahili ni ile yenye batani chache na rangi za kupendeza. Mwenye biashara anakwambia "nifanyie kitu simpo tu", wewe unakimbia kupunguza batani, na shida haikuwa kwenye batani.

Angalia lugha yetu yenyewe. Uzi ukijisokota tunasema umetata. Hapo ndo tukapata kutatiza, tukapata utata, tukapata tatizo, na mtu akiliondoa tatizo tunasema amelitatua, neno lilelile la mvuvi anaekaa mchangani akitatua nyavu. Sasa chukua nyavu mbili sawasawa, macho yaleyale, uzito uleule, moja imekunjwa vizuri na nyengine imejisokota. Nyuzi hazikuzidi hata moja. Lakini ya kwanza unaitupa majini na ya pili inakula asubuhi yako yote. Programu ni hivyohivyo. Usahili ni vitu kutoshikana ovyo, ukivuta huku kule kusisogee. Na usichanganye na urahisi, manake rahisi ni kile kisichokupa tabu leo, tena dukani rahisi ni bei ya chini, na mara nyingi njia iliyokuwa rahisi kwangu mimi mwandishi ndo iliyokuja kumtatiza karani.

Kazi nitakayotolea mfano ni hii: mnunuzi wa samaki upande wa Langoni, vyombo vinaingia asubuhi, samaki wanapimwa, bei inatajwa, nahodha anachukua pesa au anaandikiwa, kuna deni la barafu na petroli, jioni hesabu inafungwa. Karani ni mama mmoja mwenye daftari kubwa la mistari. Programu yangu ya kwanza ilikuwa na skrini 11. Aliitumia siku nne. Siku ya tano nikamkuta na daftari lake, nikamuuliza mama vipi, akasema "mwanangu yako nzuri, lakini samaki hawangoji".

Kwa iyo jambo la kwanza kabisa, kabla hujafungua kompyuta: nenda kaombe daftari. Omba kwa adabu, manake mle mna siri za watu, kaa nalo palepale usitoke nalo, usipige picha kama hujaruhusiwa. Angalia safu zimechorwa ngapi na zinaitwaje. La mama huyu lilikuwa na safu sita tu: chombo, samaki, kilo, bei, jumla, na safu ya mwisho haina jina, ndo ya alama zake, kalipwa, hajalipwa, kakatwa barafu. Daftari lililotumika miaka limeshachujwa, kila safu isiyokuwa na kazi ilishakufa zamani, na kila kilichobaki kina sababu hata kama wewe huioni. Mimi niliongeza namba ya kitambulisho, picha ya nahodha, aina ya nyavu, eneo la uvuvi, vyote mawazo yangu, hakuna aliyeniomba.

Halafu kaa asubuhi tatu unatazama bila kusema kitu. Utaona mambo ambayo hakuna atakaekwambia sababu kwao ni kawaida. Mikono ina maji na magamba, kwa iyo skrini haisikii kidole. Jua likipanda, skrini yenye maandishi ya kijivu haisomeki kabisa. Karani anaandika huku anaongea na watu watatu. Na majina! Lamu ukisema Mohamed au Ali wamegeuka watu kumi, ndo maana daftari halina jina la mtu, lina jina la chombo, na ukitaka mtu unamtaja kwa lakabu yake. Hata saa. Nahodha akisema nimeingia saa tatu anakusudia ile ambayo simu inaandika 9:00, na karani akiingiza 3 kwenye kisanduku chako umeshapata samaki waliopimwa usiku wa manane. Nilifikiria kuweka kigeuzi cha saa, kisha nikaona karani hana haja ya kuingiza saa, simu inajua yenyewe wakati anapima. Nikakitoa kisanduku chote. Hapo nilipata somo kubwa, kabla hujatengeneza kitu vizuri jiulize kama kinahitajika kuwepo.

Kisha andika sentensi moja programu inafanya nini. Sentensi fupi, na kila ukiandika "na" simama ujiulize. Yangu mwanzo ilikuwa inapima samaki na kulipa na kugawa mgao na kutabiri bei na kutuma ripoti. Mpaka ikafika: inaweka kumbukumbu ya kila mzigo uliopimwa na kama umelipwa. Bado ina "na" moja, lakini hiyo imo kwenye kazi yenyewe.

Mfano wa hapa nyumbani ni M-Pesa. Mwaka 2005 ilipojaribiwa ilikuwa ni ya wateja wa mikopo midogo kulipia mikopo yao kwa simu, kuna mkopeshaji, kuna vikundi, kuna hesabu za marejesho, mambo mengi. Kwenye majaribio ikaonekana watu wenyewe wanaitumia kutumiana pesa tu. Ilipozinduliwa Machi 2007 wakaishika hiyo, tuma pesa nyumbani, basi, na ilikaa kwenye menyu ya laini ya simu kwa iyo hata kabambe, simu ndogo ya batani, iliweza. Mambo mengine yakaja baadae juu ya ule msingi. Kama wangeng'ang'ania mfumo wa mikopo sijui kama bibi yangu angejua kuitumia, na anaijua.

Sasa nije kwenye utata wenyewe, hapa nitakaa kidogo sababu ndo roho ya jambo.

Toleo la kwanza nilihifadhi bei kwenye jina la samaki. Changu bei yake hii, nguru bei yake hii, na kila mstari wa changu unakwenda kuuliza bei pale. Nilijisikia vizuri kabisa, bei iko mahali pamoja, vitabu vyote vinasema usirudie data. Siku moja mchana bei ikashuka, karani akabadilisha, na vyombo vyote vilivyopimwa asubuhi hesabu zao zikashuka nayo. Mzee mmoja akaja baada ya alasiri kuchukua pesa zake akakuta zimepungua, karani hajui kwa nini, mnunuzi hajui kwa nini, na mimi nilikaa mpaka usiku ndo nikaona. Yule mzee alikuwa mpole lakini yale macho aliyoniangalia nayo sijayasahau, manake kwake yeye ni kama kaibiwa.

Nilifunga pamoja vitu viwili ambavyo ni mbalimbali. Kuna bei ya changu ilivyo sasa, hiyo inabadilika hata mara tatu kwa siku. Na kuna bei ambayo watu wawili wamekubaliana saa ile mzigo uko kwenye mizani, hiyo imeshapita, haibadiliki tena mpaka kiyama. Daftari lilikuwa linalijua hili siku zote, sababu karani akiandika bei kwa wino kwenye mstari basi imeandikwa, na bei ya kesho haiwezi kurudi nyuma ikaifuta. Ukitenganisha hivyo viwili, kila mstari ukabeba bei yake mwenyewe, namba zinarudiwa ni kweli, lakini hakuna kinachovuta kingine.

Kutoka hapo nikaelewa mengine yote kwa mtindo uleule. Karani akikosea hafuti, anapiga mstari mmoja juu, anaandika chini yake sahihi. Kwa iyo programu isifute, iongeze mstari wa kusahihisha, ule wa zamani ubaki unaonekana. Deni la chombo usilihifadhi kama namba inayopandishwa na kushushwa, sababu siku likikosea huwezi kujua lilikosea wapi. Hifadhi mistari tu, deni ni jumla ya mistari, lihesabiwe kila unapoliuliza. Utasema itakuwa nzito. Piga hesabu mwenyewe, vyombo 20 kwa siku, mizigo mitatu kila chombo, siku 300, ni mistari 18,000 kwa mwaka, na simu ya kawaida inajumlisha hiyo hata hujapepesa jicho. Tena kilo hifadhi kwa gramu na pesa kwa shilingi kamili, namba nzima zisizo na nukta, manake lugha nyingi za programu ukijumlisha 0.1 na 0.2 zinakupa 0.30000000000000004, na hizo senti za uongo zikijikusanya mtu atakuja kukuuliza.

Lakini msinielewe vibaya mkaanza kukata kila kitu. Fred Brooks, aliyeongoza kazi ya OS/360, mfumo wa kuendesha kompyuta kubwa za IBM, miaka ya 1960, mwaka 1986 alitenganisha utata mara mbili: ule uliomo ndani ya kazi yenyewe, na ule tunaouleta sisi kwa vifaa na njia tulizochagua. Wa pili ufagie bila huruma. Wa kwanza ukiufagia umeharibu kazi. Kuna kijana alinishauri nitoe madeni, kila mtu alipwe palepale, programu itakuwa nyepesi. Itakuwa nyepesi na haitamfaa mtu, manake kusi likivuma vyombo vinakaa juu wiki nzima, na mnunuzi ndo anaekopesha petroli na barafu ili watu watoke siku bahari ikitulia. Deni ni sehemu ya uvuvi. Liko kwenye daftari, lazima liwe kwenye simu.

Mgao nao nilifanya kinyume. Kila chombo kina mgao wake, fungu la chombo, fungu la nyavu, la nahodha, la mabaharia, na wengine wana mipango ya kifamilia huko ndani. Nilianza kuandika kanuni zake, nikafika chombo cha nne nikaona hazifanani, na nahodha mmoja akaniambia waziwazi "hayo ni ya kwetu". Alikuwa na haki. Programu ikaishia pale nahodha anapopokea pesa, mengine wenyewe. Kujua mpaka wa kazi yako ni nusu ya usahili, na mpaka huo aghalabu umeshachorwa na watu, wewe uangalie tu.

Kwenye skrini sitasema mengi. Tumia maneno ya pale kazini: Pima, Lipa, Deni. Usiandike "muamala" wala "ingizo jipya" kama hakuna anaesema hivyo mizanini. Picha bila neno usiweke, mama hajui kwa nini kile kidude cha mraba ni kuhifadhi, na hata vijana siku hizi hawajawahi kuiona diski ile inayochorwa pale. Samaki wanaokuja kila siku wawe juu, changu, tafi, kolekole, nguru, pweza, wa nadra wawe chini. Na zile "Una hakika?" ziondoe. Mtu mwenye haraka anabonyeza Ndio bila kusoma, baada ya siku mbili kidole kinaenda chenyewe. Mpe Rudisha, aweze kurudi nyuma akikosea, hiyo inamkinga kikweli.

Vifaa

Hapa ndo vijana tunaumia sana, sababu tunajifunza kwa video za watu wenye kampuni kubwa na sisi tunajenga kama wao. Seva tatu, databesi ya mbali, fremiweki (programu ya msingi iliyoandikwa na wengine ya kujengea yako) inayobadilika kila miezi sita, kwa ajili ya mizani moja. Kila kimoja ukikiongeza ni uzi mwengine wa kujisokota, na siku netiweki ikikatika, hapa inakatika, ukipanda boti kuelekea Faza inakuja na kwenda njia nzima, samaki wanakaa juani wakingoja seva iliyoko Ulaya. Mimi sasa natumia SQLite, databesi yote ni faili moja ndani ya simu, imekuwepo tangu 2000, na imo tayari kwenye simu za Android na iPhone. Kazi inafanyika bila intaneti, intaneti ikija nakala inapelekwa. Kufanya nakala ni kunakili faili, basi.

Na gawanya. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoanza Unix, mfumo wa kuendesha kompyuta, kule maabara ya Bell Labs Marekani mwaka 1969 walikuwa na mashine ndogo sana, na mwaka 1973 wakaweka bomba, wazo la Doug McIlroy, programu moja inatoa maandishi na nyengine inayapokea, kila moja na kazi yake. Kuchuja kivyake, kupanga kivyake, kuhesabu kivyake. Ndo maana grep (ya kuchuja) na sort (ya kupanga) za enzi hizo mpaka leo zinafanya kazi kwenye kompyuta yangu. Nikaiga. Programu ya kupimia inaandika mistari tu. Ya ripoti ni nyengine, inasoma mistari. Ya kutuma meseji ni nyengine. Mtoa huduma wa meseji alipopandisha bei nikahama kwa mwengine jioni moja, mizani haikuguswa hata kidogo, karani hakujua. Na kwa habari ya meseji, moja ni herufi 160, lakini ukitia kikaragosi kimoja tu inashuka mpaka 70 na risiti ikizidi hapo utalipia mbili, kwa iyo risiti iandike kwa herufi za kawaida: chombo, kilo, jumla, deni lililobaki.

Watu wakianza kuipenda

Ikifika hapa kuna mtihani mwengine, kila mtu atakuja na ombi. Ongeza hali ya hewa, ongeza bei za Mombasa, ongeza picha ya samaki. Wazee walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kweli kila kitu kipya kinafurahisha wiki ya kwanza. Mimi sikatai na sikubali, naandika kwenye karatasi jina la aliyeomba na tarehe. Ombi lilelile likija kwa watu watatu tofauti naenda kukaa nao nione wanafanyaje sasa hivi bila hiyo programu. Mara nyingi wanachotaka ni kingine. Mnunuzi aliomba grafu za mauzo, nikakaa nae, kumbe anataka kujua kila Ijumaa nani anadaiwa zaidi ya mwezi. Hiyo ni orodha ya mistari mitano, hakuna grafu. Na kila miezi mitatu angalia kipi hakijaguswa na mtu, kiondoe. Inauma kuondoa kitu ulichokesha nacho, najua, lakini kikibaki utakuwa unakitunza bure na siku moja kitakushika mguu.

Jaribio langu la kwanza ni hili. Mpe simu mtu ambae hajawahi kuiona, mimi nilimpa mtoto wa karani alierudi likizo, mwambie "chombo kimeingia na kilo 12 za tafi, andika", kisha nyamaza. Usinyooshe kidole, usiseme "hapo juu hapo". Kila anaposita andika ni wapi. Akisita mahali ambapo mwengine pia alisita, hapo pana kosa lako. Na kwa upande wa ndani kuna jaribio la pili, mwite fundi mwengine umwonyeshe faili zako, umuulize ukitaka kubadilisha risiti utagusa wapi. Akionyesha sehemu moja na ikawa ndo yenyewe, vizuri. Akianza kusema "hapa, na pale, na labda huku pia", rudi ukatatue.

Kwa nyie mnaonunua programu ya mtu mwengine, muulize muuzaji swali hili kabla ya kulipa: nikitaka kuondoka na rekodi zangu zote nazitoaje? Mwambie azitoe mbele yako, faili la kawaida la mistari na koma ambalo linafunguka kwenye Excel au hata kwenye simu. Akianza kukuzungusha, usinunue.

Mwisho, usilitupe daftari siku ya kwanza. Endesha vyote viwili mwezi mzima, karani aandike kwa wino na wewe au kijana wake aingize kwenye simu, na kila jioni linganisheni jumla mbili kabla ya magharibi. Zikitofautiana liamini daftari kwanza, kisha tafuta. Kwetu siku ya tisa simu ilipungukiwa na shilingi 900. Tulipitia mstari kwa mstari mimi na mama karani, tukakuta kwenye daftari kaandika "kaa 3" bila kilo, wamenunuliwa kwa idadi sababu mwenyewe alikuwa na haraka ya kuwahi boti ya Mokowe, na mimi sikuwa na mahali pa kuandika idadi. Nikamuuliza hii inatokea mara ngapi. Akasema kila bamvua. Usiku ule nikaongeza chaguo moja chini ya Pima, kwa kilo au kwa idadi, na asubuhi nikarudi nalo mizanini.